Sikio ndilo la mwisho kushukiwa

"Kizunguzungu ni presha, au damu imepungua." Wakati mwingine ndiyo. Lakini mtu anayeona chumba kinazunguka kila akijigeuza kitandani au akiinua uso, na hali ikatulia kabla dakika haijaisha, achunguzwe sikio kwanza. Ndani yake mna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji, inayoupa ubongo habari za mzunguko wa kichwa. Vichembe vya kalsiamu vilivyo jirani vikibanduka na kuingia humo, habari inakuwa ya uongo. Kipimo chake kilielezwa mwaka 1952 na hakitaki mashine: mgonjwa hulazwa haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, daktari akitazama kama macho yanachezacheza. Mwaka 1992 John Epley, daktari wa Marekani, alichapisha jinsi ya kugeuza kichwa hatua kwa hatua hadi vichembe vitoke mferejini. Ni kazi ya dakika chache. Ajabu ni kwamba wengi bado hurudi nyumbani na vidonge tu, ambavyo haviondoi hata kichembe kimoja.

"Mtoto hasemi kwa sababu ya udata; akatwe." Udata, ule ukano wa chini ya ulimi, huweza kutatiza kunyonya na baadhi ya matamshi, ila haumzuii mtoto kujifunza lugha. Wa miaka miwili asiye na neno apimwe usikivu. Kupiga makofi nyuma yake ili aonekane kama anasikia hakutoshi: huenda ameona kivuli, au anasikia vishindo lakini s na f zinampita.

"Sikio la usaha hutiwa mafuta ya moto." Hapana. Kiwambo huenda kimetoboka. Likaushwe, na matone yatoke kwa mtaalamu.

"Sindano haifiki masikioni." Streptomisini, iliyowaokoa wagonjwa wa kifua kikuu miaka ya 1940, iliwaacha baadhi yao wakiyumba, wengine viziwi. Jentamisini, dawa nyingine ya sindano ya kuua bakteria, nayo hudhuru usawa wa mwili kuliko usikivu: mtu anasikia vizuri, usiku anapepesuka, majirani wanasema amelewa. Dawa hizi bado zinahitajika. Masikio yakianza kuvuma au miguu kuyumba, daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

"Kiziwi tatizo lake ni kusikia tu." Watafiti wamekuta watoto wengi wenye uziwi mkubwa, hasa baada ya homa ya uti wa mgongo, wameharibika pia kiungo cha usawa wa mwili kilicho ndani ya sikio. Huchelewa kukaa na kutembea, wakaitwa wavivu. Familia za pwani na ziwani zizingatie hili: akizama kwenye maji yenye tope au giza, mtoto huyo anaweza asijue juu ni upande gani. Asiogelee bila mtu mzima aliye karibu naye majini.