Dhana potofu kuhusu bustani za mandhari za Uingereza

Dhana: Ni maumbile yaliyoachwa yalivyo.

Ukweli: Karibu kila kitu kimechimbwa, kimejengwa au kimepandwa. Ziwa la Stourhead, huko Wiltshire, lilipatikana miaka ya 1750 pale Henry Hoare, mwenye benki wa London, alipojenga tuta kuziba bonde la chemchemi za mto Stour. Mafundi wa karne ile walizuia maji yasivuje kwa udongo wa mfinyanzi, uliolowanishwa na kukanyagwa tabaka baada ya tabaka hadi usibakize mwanya wa hewa. Udongo huo ukikauka kabla maji hayajajaa, hupasuka. Mizizi ikiupenya, maji hufuata njia hiyo hiyo.

Dhana: Stourhead ni nakala ya mchoro mmoja wa mchoraji Claude Lorrain.

Ukweli: Mchoro unaotajwa ni wa pwani ya kisiwa cha Delos, wa mwaka 1672, ulioko National Gallery, London. Una hekalu lenye kuba na nguzo mbele, na kweli Panteoni, hekalu la bustanini Stourhead aliloisanifia Henry Flitcroft (1753–54), inafanana nalo. Lakini Hoare alipomwandikia binti yake mwaka 1762 kuhusu daraja jipya, kijiji na kanisa vikionekana pamoja mwisho wa maji, alimtaja mchoraji mwingine, Gaspard Dughet. Daraja lenyewe lilifuata usanifu wa Palladio, msanifu majengo wa Italia. Hata Claude hakuwa akinakili mahali pamoja: alichora rasimu nje, viungani mwa Roma, kisha akaipanga picha karakanani. Kilichoingia bustanini hasa ni mpangilio wake. Simama karibu na daraja, uitazame Panteoni: miti mizito pembeni, maji katikati, jengo la rangi nyepesi kwa mbali.

Dhana: Maua ya rhododendroni ndiyo sura ya asili ya Stourhead.

Ukweli: Yalianza kupandwa na mrithi wa Henry Hoare, Richard Colt Hoare, kuanzia 1791. Henry Hoare mwenyewe alitegemea kijani juu ya kijani, mafungu makubwa ya majani ya giza dhidi ya mepesi, kama mchoraji anavyopanga vivuli. Kwa maoni yetu, ukienda wakati maua yamekwisha utamwelewa vizuri zaidi.

Dhana: Hakuna uzio kati ya nyasi za nyumba na malisho.

Ukweli: Upo, ila umezamishwa ardhini. Huitwa ha-ha, na msanifu wa bustani Charles Bridgeman aliutumia mapema katika bustani ya Stowe. Ni mtaro wenye ukuta wima wa mawe upande wa bustani, kina cha mita 1.2 hadi 1.5 hivi, na mteremko upande wa malisho. Ng'ombe hushuka, hukuta ukuta, hugeuka. Aliye dirishani haoni kitu. Ubovu wake huanzia nyuma ya ukuta: pasipo kokoto na matundu ya kutolea maji, udongo ulioloa huusukuma mpaka utokeze kitumbo, na hapo dawa ni kuubomoa na kuujenga upya.