Je, wajua kwa nini wimbo wa kiwandani wa The Pajama Game, mchezo wa jukwaani wa Kimarekani wenye nyimbo, sio "wimbo wa kazi"?

Miaka mingi niliamini kwamba watu wakiimba huku wanafanya kazi, basi huo ni wimbo wa kazi. Kwa hiyo niliposikia wimbo huo wa kiwandani, "Racing with the Clock", yaani kukimbizana na saa, nikauweka kapu moja na nyimbo za kutwanga na za kuvuta juya. Kumbe sivyo kabisa, na tofauti yenyewe ndo imenifanya niupende zaidi.

Chukua kutwanga. Watu wawili kinu kimoja, mchi wako unashuka wa mwenzio uko juu, mkikosea mnagongana. Wimbo ndo unapanga zamu, na aliyeshika wimbo akiona mwenzie kachoka anapunguza mwendo na michi yote inapungua. Hata harambee, anayetoa sauti anangoja mpaka kila mtu kakamata kamba vizuri ndo anaita. Sauti inatangulia, mikono inafuata. Na nyimbo za hivyo karibu kila mara zina nafasi ya kuvuta pumzi, maana waimbaji wenyewe ndo wanaibeba kazi.

Sasa nenda mashine ya kusaga. Uimbe usiimbe, mota inaenda mwendo wake, na ndoo yako isipokuwa tayari unga unamwagika.

Hicho ndo Richard Adler na Jerry Ross, watunzi wa nyimbo za The Pajama Game, walikiingiza kwenye muziki. Mchezo ulianza Broadway, kwenye majumba makubwa ya michezo ya New York, Mei 1954, hadithi ni ya kiwanda cha pajama huko Iowa ambako wafanyakazi wanadai nyongeza ya senti 7 na nusu kwa saa, na yupo jamaa anaitwa Hines ambaye kazi yake ni kupima dakika za watu. Wimbo unaenda mbio, maneno ya vipande vifupi vifupi, harakisha harakisha inarudiwa mpaka unamwonea huruma anayeimba, yaani muziki ndo umegeuka mota na waimbaji wanaukimbilia kwa nyuma wasiachwe.

Sisemi muziki na kiwanda hukutana hivi kila mahali. Uingereza mwaka 1940 BBC walianzisha kipindi cha muziki kwa ajili ya viwanda, na huo ulikuwa wa kuwasindikiza watu kazini wasichoke. Ila hata hapo ulitoka kwenye spika, sio midomoni mwa walioshika kazi.

Uzuri wenyewe unakuja baadaye. Madai ya nyongeza yanakwama, wafanyakazi wanaanza mgomo baridi, na wimbo ule ule unarudi ila safari hii polepoleee, mikono inaelea juu ya kitambaa kama watu walio ndani ya maji. Hawajaletewa wimbo mpya wa kudai haki, wameshusha spidi tu, na kwa mara ya kwanza mwendo unatoka kwao. Yani wimbo wa kiwandani umekuwa wimbo wa kutwanga! Mimi hapo huwa narudia kusikiliza mara mbili tatu.

Msimamizi anakuja juu, anataka kazi irudi kama kawaida, mwendo unapanda tena. Ndipo Babe Williams, mkuu wa kamati ya malalamiko ya chama cha wafanyakazi, anaupiga mguu wake kwenye mashine, na mashine inasimama.