Magadi chini ya barafu: habari za mwezi mmoja wa Zohali

Wageni wanaokuja kutazama nyota kwa darubini yetu huniuliza swali lilelile: huko juu kuna viumbe? Wengi hutarajia nitaje Mirihi. Mimi huwaonyesha Zohali na pete zake, kisha nawasimulia habari za mwezi wake mmoja ambao darubini yetu ndogo haiufikii. Unaitwa Enceladus.

Kipenyo chake ni kama kilomita 500 tu. Uso wake ni barafu tupu, na baridi yake inakaribia nyuzi 200 chini ya sifuri. William Herschel aliugundua mwaka 1789, na kwa zaidi ya karne mbili haukuwa na sifa kubwa. Mwaka 2005 Cassini, chombo cha anga kilichotumwa kuichunguza Zohali, kilipita karibu nao, na kipimasumaku chake kikaonyesha kwamba uga wa sumaku wa Zohali unapinda pale, kana kwamba mwezi ule umezungukwa na hewa. Picha zilizofuata zikafichua chanzo: mvuke na chembe za barafu vikifoka kutoka kwenye nyufa nne ndefu upande wa kusini.

Chini ya barafu ile kuna bahari iliyoenea mwezi mzima. Haigandi kwa sababu mvuto wa Zohali huukanda mwezi huo kama donge la unga, mzunguko baada ya mzunguko, kila baada ya saa 33, na kukandwa huko huzalisha joto. Kwa kawaida bahari ya namna hiyo ingetulazimu kutoboa kilomita nyingi za barafu. Hii inajimwaga yenyewe nje, na Cassini ikapita katikati ya mvuke ikaonja.

Ilikuta chumvi ya kawaida, na pamoja nayo chumvi za jamii ya magadi, ndugu wa yale tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Hapa watu wa Bonde la Ufa tuna la kusema. Ziwa Natron na Ziwa Magadi yana maji makali yanayochoma ngozi, na bado yamejaa vijiumbe. Heroe wadogo wanaishi kwa kuvichuja. Isitoshe, maziwa ya magadi huwa na fosfati nyingi, yaani chumvi zenye fosforasi, maana kaboneti iliyomo kwenye magadi huikamata kalisi, madini ya chokaa, ambayo vinginevyo ingeigandisha fosfati na kuizamisha. Mwaka 2023 watafiti walioongozwa na Frank Postberg walitangaza kwamba chembe za barafu kutoka Enceladus zina fosfati, na wakakadiria kuwa bahari ile inayo angalau mara 100 zaidi ya bahari zetu. Bila fosforasi hakuna vinasaba kama tunavyovijua, kwa hiyo habari hiyo haikuwa ndogo.

Kisha kuna gesi ya haidrojeni. Cassini iliikuta ilipopita ndani ya mvuke Oktoba 2015, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba inatoka kwenye miamba ya moto iliyo sakafuni mwa bahari. Hapa duniani, chemchemi za moto za chini ya bahari zilizogunduliwa karibu na visiwa vya Galápagos mwaka 1977 zilitufundisha kwamba uhai hustawi hata pasipo jua. Baadhi ya vijiumbe vya huko hula haidrojeni na hewa ya ukaa, vikatoa gesi ya methani.

Methani nayo ipo Enceladus. Basi tumepata? Hapo ndipo huwatuliza wageni wangu. Miamba pia inaweza kutengeneza methani bila kiumbe yeyote. Tena ile haidrojeni kuwa nyingi kuna upande wa pili. Ukiingia kwenye ukumbi wa harusi usiku wa manane ukakuta masinia ya pilau yamejaa, utasema walaji hawapo, au ni wachache mno kuyamaliza. Wanasayansi wanabishana juu ya masinia hayo mpaka leo, na mimi sijaegemea upande wowote.

Cassini haingeweza kuamua, kwa kuwa vifaa vyake, vilivyoondoka duniani mwaka 1997, havikuundwa kutafuta uhai. Tarehe 15 Septemba 2017 kilielekezwa makusudi ndani ya Zohali kikaungua, ili kisije kikaangukia Enceladus na vijidudu vya duniani tukaja kuvishangilia kama wenyeji. Shirika la anga la Ulaya linaandaa chombo kingine cha kwenda huko, kiondoke miaka ya 2040. Safari yenyewe itachukua miaka. Mimi nitakuwa nimeshastaafu.