Taa za mtaani: dhana nne zinazotugharimu

Dhana: Taa kali zaidi, mtaa salama zaidi.

Simama usiku mbele ya geti la Tabata au Sinza, Dar es Salaam, lenye taa ya wati 100 iliyoinuliwa kuelekea barabarani. Taa unaiona vizuri. Aliyesimama chini yake humwoni. Mboni ya jicho hujibana kwa ule ukali, na vya pembeni vyote vinamezwa na giza: mtaro usio na mfuniko, bodaboda iliyozima taa, mtu aliyeegemea ukuta. Utulivu wa mpita njia hutokana na kuitambua sura ya anayekuja kabla hajamfikia, na hapo kinachohitajika ni mwanga uliosambaa sawasawa. Barabara ya makazi inatosheka na wastani wa luksi 5 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) juu ya uso wa barabara, pasiwe na mahali palipo chini ya luksi 1.

Kwa barabara ya mita 6, hilo linapatikana kwa LED nzuri ya wati 25 kwenye nguzo ya mita 6, nguzo zikiachana mita 20 hadi 25, uso wa taa ukitazama chini moja kwa moja. Wanaobana nguzo huziachanisha mita 40 na kufidia kwa wati. Matokeo yake ni madoa ya mwanga na mashimo ya giza katikati, na umeme unalika bure. Chagua rangi ya kelvini 3000, nyeupe yenye umanjano. Ile nyeupe ya kibuluu ya 6500 huumiza macho na kuita wadudu.

Dhana: Sola iliyoandikwa wati 300 ni ya wati 300.

Usisome boksi, pima paneli kwa futi kamba. Paneli ya sentimita 35 kwa 35 haizidi wati 25 hata jua la saa saba mchana. Kwa saa 5 za jua kamili, ukiondoa upotevu, unabaki na wati-saa 85 hivi. Usiku wetu ni wa takribani saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hapo kuna wati 7 tu za kukesha nazo. Ndiyo maana taa hizi huwaka kwa mbwembwe magharibi na kuzima kabla ya usiku wa manane.

Taa ya wati 25 inayopungua hadi nusu kuanzia saa tano usiku hutumia wati-saa 212 kwa usiku mmoja. Ili ivuke masika inataka paneli ya wati 80, na betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya volti 12.8, ampea-saa 40. Paneli itazame kaskazini, iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi.

Dhana: Kupunguza mwanga usiku ni kukaribisha wezi.

Utafiti wa mwaka 2015 katika halmashauri 62 za England na Wales haukuona ushahidi kwamba uhalifu uliongezeka taa zilipopunguzwa. Mitaa yao si yetu, hivyo kwenye kona, vivuko vya mitaro na vituo vya bodaboda tuache mwanga kamili. Kwingineko, nusu inatosha: taa hiyo ya wati 25 ingekula uniti 77 kwa mwaka, dhidi ya 438 za ile ya wati 100 inayokesha.

Dhana: LED haifi.

Chipu inayotoa mwanga hudumu; draiva, kifaa kinachoilisha umeme, ndiyo hufa umeme unapopanda ghafla. Dai kinga ya kilovolti 10 dhidi ya mruko huo wa umeme, na kiwango cha IP66 cha kuzuia vumbi na maji. Kigamboni na Msasani, ambako chumvi hula chuma, ongeza skrubu za chuma cha pua. Kihisi cha mwanga, kinachowasha taa giza likiingia, kisiione taa yake yenyewe: kikiiona, kitaiwasha na kuizima usiku kucha mpaka draiva iungue.