Soda za zamani zisizo na sukari ndani ya kokteli za tiki: maswali na majibu

Migahawa ya tiki ilianzia California miaka ya 1930, kwa Don the Beachcomber kule Hollywood na Trader Vic's kule Oakland. Utaitambua kwa mapambo ya mianzi, vikombe vyenye sura za sanamu za Pasifiki na ramu isiyoisha. Baadhi ya wateja wanaoogopa sukari, wakiwamo wenye kisukari, huomba shira iondolewe na mahali pake iwekwe soda ya dayati, ikiwezekana ile ya enzi za wazee. Majibu haya ni yao, na zaidi ni ya wanaokaa nao meza moja.

Soda hizo za zamani ni zipi?

Ni soda zilizotiwa kikoleza utamu badala ya sukari. Diet Rite ilitoka mwaka 1958, Tab 1963, Fresca 1966. Zamani zile kilichotumika sana ni saiklameti na sakarini, hadi Marekani ilipotangaza kuipiga marufuku saiklameti Oktoba 1969. Fresca bado inauzwa. Tab ilikoma mwaka 2020, kwa hiyo kopo lake lolote limeshapitwa na wakati. Likiwa limevimba, lina kutu au linavuja, litupe. Ila kopo kuukuu silo linalowalaza watu hospitali. Kinachowalaza ni ramu iliyochanganywa nalo.

Bila sukari, si kokteli inakuwa nyepesi?

Hapana. Inalevya haraka zaidi. Sukari hulifanya tumbo lishikilie kilichomo na kukiachia kidogo kidogo kwenye utumbo mwembamba, ambako pombe hufyonzwa kwa kasi. Ukiondoa sukari, umeondoa breki. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2006 uliwapa wanaume 8 vodka ya kiasi kilekile, mara moja na kinywaji chenye sukari, mara nyingine na kisicho na sukari. Nusu ya kinywaji chenye sukari ilitoka tumboni baada ya dakika 36 hivi; kisicho na sukari, dakika 21. Kwa kisicho na sukari, pombe katika damu ilifika kilele cha takriban asilimia 0.05, wakati chenye sukari kiliishia kama 0.03.

Utafiti mwingine, wa Kentucky mwaka 2013, ulikuta pombe katika pumzi imezidi kwa asilimia 18 pale soda ilipokuwa ya dayati, na wanywaji wenyewe hawakuhisi tofauti yoyote. Hapo ndipo penye hatari: anajiona yuko sawa, anachukua ufunguo wa gari.

Lakini kalori si zinapungua?

Kidogo tu. Chukua kokteli ya tiki iitwayo Zombie, ya mwaka 1934. Ina ramu ya Jamaika mililita 45, ramu ya Puerto Rico mililita 45, na mililita 30 za ramu ya Demerara yenye kilevi cha asilimia 75.5. Hiyo ni sawa na vipimo vitatu vya kawaida na zaidi, gramu 45 hivi za kilevi, kalori zaidi ya 300 kutoka kwenye kilevi pekee. Don Beach mwenyewe, mwanzilishi wa Don the Beachcomber, hakuruhusu mteja anywe zaidi ya mbili. Juisi ya balungi na shira ya mdalasini iliyomo ni rahisi kuibadilisha na Fresca, kwa kuwa Fresca nayo ina ladha ya balungi, na ulimi hautashtuka. Ramu inabaki ileile.

Bakuli la kuchangia, lile lenye mirija mirefu, ni baya zaidi. Hakuna anayejua amevuta kiasi gani, kwa hiyo hesabu ya glasi haipo tena. Mwenye kisukari asilinywe.

Nina kisukari. Si ndiyo maana nachagua isiyo na sukari?

Kwa kinywaji kisicho na pombe, umechagua vizuri. Pombe ikiingia, mambo yanageuka. Ini likishughulika na pombe hupunguza kutengeneza sukari mpya. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, na hukula kitu, sukari inashuka. Yaweza kushuka usiku wa manane, hata ndani ya saa 24 baada ya kunywa. Ndiyo maana kuruka chakula ili "kufidia kalori za pombe" ni tabia ya kuachwa leo hii, si kesho.

Ukiamua kunywa: kula kwanza chakula chenye wanga, mwanamke asizidishe kipimo kimoja kwa siku, mwanaume viwili. Kwa hesabu hiyo Zombie moja tayari imewapita wote. Pima sukari kabla ya kulala, na ikiwa chini ya miligramu 100 kwa desilita (milimoli 5.6 kwa lita), kula tena.

Sukari imeshuka. Nimpe soda iliyo mezani?

Soma kopo! Soda ya dayati haipandishi sukari hata tone. Ikiwa chini ya 70 (3.9) na mtu anameza vizuri, mpe nusu kikombe, mililita 120, za soda ya kawaida au juisi ya matunda. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikibidi, kisha ale.

Amelala mezani. Tumwache alale pombe iishe?

Hapana. Jibu hili tunalirudia kila mara kwa sababu kila mara tunaletewa mtu aliyeachwa alale. Sukari iliyoshuka na ulevi hufanana: jasho, kuyumba, maneno kukwama, hasira, usingizi. Kwa macho hutaweza kuzitenganisha. Tena pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata glasi ikiwa tupu, kwa hiyo aliyelala saa nne usiku anaweza kuwa na hali mbaya zaidi saa tano.

Mwite kwa sauti, mtikise bega. Asiyeamka hajalala; ni mgonjwa. Piga 911 ukiwa Marekani. Piga pia akivuta pumzi chini ya 8 kwa dakika, akinyamaza sekunde 10 bila kupumua, midomo ikiwa ya buluu au kijivu, akiwa wa baridi, akitapika bila kuzinduka au akipata degedege. Usingoje dalili mbili. Moja inatosha.

Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, kichwa kielekee nyuma kidogo ili matapishi yatoke. Usimwache peke yake, hata kwa dakika ya kwenda kulipa bili.

Kahawa, maji ya baridi, kumtapisha?

Hapana, hapana, hapana. Asiyezinduka asitiwe chochote mdomoni, hata sukari. Kama ana sindano ya glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, mchome, lakini usitulie: pombe huweza kupunguza nguvu yake kwa sababu akiba ya sukari kwenye ini imepungua. Simu ya 911 ipigwe vilevile.

Nikipiga simu, niseme nini?

Mko wapi, anapumuaje, ana kisukari, anatumia dawa gani, amekunywa nini na saa ngapi, kipimo cha sukari kama mnacho. Sema pia kwamba kinywaji kilichanganywa na soda isiyo na sukari. Usikate simu mpaka uambiwe.