Kuchagua mafuta ya difyuza: kwanza tujue nani analala chumbani

Wateja wangu hapa Kisumu huanza kwa kuuliza ni mafuta gani yanayonukia vizuri zaidi, nami huwauliza nani analala katika chumba hicho. Difyuza ya kawaida, yaani kifaa cha kueneza harufu ya mafuta chumbani, haichemshi maji, bali huyatikisa kwa kasi hadi yawe ukungu, na mafuta yaliyomo huvutwa na kila aliyepo, awe mtu mzima, mtoto mchanga au paka.

Penye watoto wadogo naweka kando mkaratusi na mnanaa, kwa kuwa kemikali za sineoli na mentholi zilizomo zinaweza kumtatiza mtoto kupumua. Kafuri ni hatari vilevile, na jambo hili linatuhusu sana huku magharibi, maana wakulima wanaopakana na msitu wa Kakamega hukuza Ocimum kilimandscharicum, jamii ya mrihani yenye kafuri nyingi, ambayo mafuta yake hutengenezewa dawa ya kuchua. Mtu mzima ajichue akipenda, lakini mafuta hayo yasitiwe kwenye difyuza ya chumba cha mtoto. Mwenye paka naye aepuke mafuta ya Melaleuca alternifolia, yanayouzwa kwa jina la “tea tree”, kwani ni sumu kwa mnyama huyo.

Baada ya hapo soma kibandiko, hasa jina la kisayansi. Lavandula angustifolia ni lavenda tulivu inayofaa chumba cha kulala, ilhali Lavandula latifolia ina kafuri na sineoli, ingawa zote mbili huuzwa kwa jina la lavenda. Chupa isiyotaja mmea wowote mara nyingi huwa na manukato ya kiwandani tu. Mafuta ya nazi na ya mbarika hayafai kabisa, kwa sababu hayageuki mvuke na huziba kisahani kinachotikisa maji.

Mafuta ya maganda ya machungwa na ndimu huharibika upesi katika joto letu la ziwani, kwa hiyo nunua chupa ndogo ya kioo cheusi na uiweke kwenye friji. Mchaichai ni chaguo langu la sebuleni, na wapo wanaoutegemea kufukuza mbu, lakini tafadhali, usiufanye kisingizio cha kukunja chandarua.

Matone 3 hadi 5 katika mililita 100 za maji yanatosha, kwa dakika 30 hadi 60, dirisha likiwa wazi kidogo. Mwenye pumu akianza kukohoa, zima mara moja.