Nairobi hadi New York: masaa 7 au 15?

Juzi shangazi kaniandikia kwenye grupu la familia, eti mwanangu we ndo unajua mambo ya ndege, hii tiketi ya binamu yako inasema anatoka saa sita usiku anafika saa moja asubuhi, kwani Marekani imesogea? Nilicheka sana, ila hilo swali naulizwa kila mara maana kazi yangu ni hiyo, kupanga ruti na mafuta kabla ndege haijaruka.

Masaa ni 15 shangazi, hayo mengine 8 yamemezwa na saa za kule, sisi tukiwa saa tisa mchana wao ndo kwanza saa moja asubuhi. (Na ile 07:00 ya kwenye tiketi ni saa moja jamani, si saa saba, kuna watu wameenda kupokea wageni mchana.)

Umbali ni kama kilomita 11,840. Ukichukua rula ukachora kwenye ramani ya ukutani utapita Nigeria na Mali, lakini dunia ni duara, chukua uzi uvute kwenye globu uone unavyopanda juu, Uganda, Sudan Kusini, kona ya Sudan, Chad, Niger, Algeria, unatokea Morocco kusini mwa Casablanca alafu bahari tupu mpaka Marekani. Huo ndo mfupi. Ila si kila siku tunaufuata, anga ya nchi ikifungwa kama Sudan Aprili 2023 inabidi kuzunguka tu.

Sasa kinachotunyima usingizi ni upepo. Kule juu, kilomita 10 hivi, upande wa kaskazini kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ukienda unakupiga usoni na ukirudi unakusukuma mgongoni. Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, ukipunguziwa 60 tu njia nzima ni masaa 14 hewani, ukiongezewa 60 ni 12 na kidogo, alafu weka muda wa kuzunguka chini kabla ya kuruka na baada ya kutua. Ndo maana Kenya Airways walipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018 kwa Dreamliner (ndege aina ya Boeing 787), ratiba iliandikwa masaa 15 kwenda na 14 kurudi, umbali ule ule.

Na Nairobi yenyewe iko juu, mita 1,600 na zaidi, hewa nyepesi, mabawa na injini havipati nguvu kama vikiwa Mombasa, na ndege imebeba mafuta ya kuvuka bahari, kwa hiyo kuondoka usiku kwenye baridi kunatusaidia mno, hewa inakuwa nzito kidogo.

Binamu akirudi ndo hesabu inageuka: akitoka kule saa sita mchana, 14 jumlisha 8, shangazi awe eapoti kesho yake saa nne asubuhi. Ikiwa ni Juni wao wanakuwa wamesogeza saa zao mbele, basi ni saa tatu.